Maswali ya Wasomaji: Mwaka Kogwa na Namna ya Kuupokea

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, barua zinazouliza kuhusu Mwaka Kogwa huongezeka katika safu hii. Kwa asiyeujua, huo ni mwaka mpya wa jadi ambao watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huusherehekea katika wiki ya tatu au ya nne ya Julai, na ambao kwa majina mengine, kama vile Siku ya Mwaka au Nairuzi, umewahi kusherehekewa karibu katika pwani yote ya Waswahili. Nimechagua barua tano. Baadhi nimezifupisha, lakini maswali yenyewe nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Maalim, shikamoo. Niliolewa mwaka jana na mtu wa Makunduchi, nasi tunaishi Dar es Salaam. Julai hii mume wangu anataka twende kwao kula Mwaka, nami nitakutana na baadhi ya wakwe zangu kwa mara ya kwanza. Nimeona picha za wanaume wakipigana na za kibanda kikiteketea kwa moto, na kusema kweli nimeingiwa na hofu. Ni nini hasa hufanyika, na mimi nitatarajiwa kufanya nini?
Mkaza mwana, Mbagala

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa ndoa. Picha ulizoziona ni za kweli, ila wapiga picha hufika wakati wa shamrashamra na kuondoka zinapokwisha, kwa hiyo hawaoni sehemu ambayo wewe itakuhusu zaidi. Mwaka hupokewa nyumbani kwanza, kisha uwanjani, kisha nyumbani tena, na mkaza mwana ana kazi katika sehemu ya kwanza na ya tatu.

Siku zinazotangulia ni za kufagia, kufua, na kutoa uani kila kilichooza au kuvunjika. Siku yenyewe inapowadia watu huenda kuoga baharini, ndiko kukoga mwaka, ili nuksi na maradhi ya mwaka unaokwisha yabaki majini. Pwani ya mashariki ya Unguja maji hupwa yakaenda mbali sana, hata mgeni akadhani bahari imehama, kwa hiyo usijipangie saa zako. Fuatana na mawifi zako, ambao wanajua maji yanajaa lini na ni njia ipi ya kuteremkia isiyo na mawe makali.

Zamani lilikuwapo jambo jingine zito, nalo ni moto. Kila nyumba ilizima moto wake wa jikoni, kisha moto mpya ukapatikana kwa kupekecha: kijiti kigumu kiitwacho ulindi husimamishwa juu ya kipande cha mti laini, kikazungushwa baina ya viganja viwili, mkono ukishuka na kupanda, mpaka unga mweusi unaotoka katika tundu uanze kufuka moshi na kushika cheche, ambayo hupokelewa kwa majani makavu na kupulizwa taratibu. Askofu Edward Steere, aliyekusanya habari za Kiswahili cha Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, aliandika kwamba siku hiyo mioto yote ilizimwa ikawashwa upya kwa namna hiyo, kwamba watu walioga baharini usiku au asubuhi, na kwamba kulipikwa chungu kikubwa cha nafaka na kunde kilicholiwa adhuhuri na yeyote aliyependa kuja. Leo mwenye jiko la gesi hana cha kupekecha. Hata hivyo, ukimwona mama mkwe wako anazoa majivu ya jana kabla ya kuinjika chakula cha Mwaka, chukua ufagio usimame naye, wala usimuulize sababu mbele za watu.

Sasa kuhusu uwanjani. Wanaume wa upande wa kusini na wale wa upande wa kaskazini hukutana katika viwanja vya Kae Kuu na kupigana kwa mabua ya migomba. Zamani walitumia fimbo, na mambo yalikuwa makali kuliko sasa. Huyo huyo Steere anaeleza kwamba ugomvi wa zamani ulikuwa ukimalizwa siku hiyo, na kwamba hapo kale hata damu iliyomwagika haikuulizwa. Bua la mgomba ni jepesi na lina maji mengi, likimpata mtu mgongoni hupasuka kwa kishindo kikubwa kuliko maumivu yake, na atakayerudi nyumbani na alama nyekundu begani atakuwa na cha kusimulia mpaka mwaka ujao. Maana ya pigano hilo ni kwamba mwenye kinyongo akitoe hapo, mbele ya wazee, kisha asikibebe kwenda nacho mbele. Nakupa tahadhari moja ya kweli: utomvu wa mgomba ukiingia katika nguo hautoki, hata ufue kwa kitu gani. Mwambie mume wako asivae shati ulilompenda.

Wakati wanaume wanapigana, wanawake waliovaa nguo zao bora, wengi wakiwa wamejifunga kanga, hupita kwa makundi wakiimba. Nyimbo hizo baadhi ni za mapenzi, baadhi ni za kejeli, na nyingine zina mafumbo mazito ambayo katika siku nyingine za mwaka hayatamkwi mbele ya mkwe. Usishangae ukimsikia shangazi wa mume wako, ambaye asubuhi alikuwa akikusomesha adabu, anaimba jambo litakalokufanya uinamishe uso. Nyingi zimo katika Kikae, lahaja ya Makunduchi, kwa hiyo huenda zikakupita. Ukiomba ufafanuzi, omba kwa wifi wa rika lako, na usizirudie baada ya siku ile.

Kisha kinakuja kibanda. Hujengwa kibanda kidogo cha makuti, mzee mmoja huingia ndani, kikatiwa moto, naye hutoka mbio moto ukiwa umeshapamba, watu wakishangilia. Mambo haya husimamiwa na wavyale, yaani wazee wa koo ambao tangu jadi ndio wenye dhamana ya ardhi na mizimu ya mji, nao wanajua wanachokifanya. Kutoka kwake salama kunachukuliwa kuwa dalili kwamba mwaka unaoingia hautakuwa na ajali ya moto, na ukikumbuka kwamba nyumba nyingi za kijiji zilikuwa za makuti na zimesogeleana, utaelewa kwa nini watu walichagua kuiagua hatari hiyo kuliko nyingine. Hutazamwa pia moshi unaelekea wapi, na humo husomwa bahati ya mwaka. Julai ni mwezi wa kusi, kwa hiyo moshi hauna hiari kubwa ya kuchagua upande. Lakini wazee waliokulia katika pepo hizo wanalijua hilo kuliko wewe na mimi, na bado wanautazama.

Baada ya hapo watu hurudi nyumbani kula, na hapa ndipo utakapopimwa. Kwa desturi ya Makunduchi, kula Mwaka bila mgeni si jambo jema, na nyumba isiyopata mgeni huona kama imepungukiwa. Wewe mwaka huu ni mwenyeji nusu na mgeni nusu. Kama mwenyeji, amka mapema, uliza kazi kabla hujapewa, na uwe na mkono katika sufuria ya wali au katika kukuna nazi, kwa kuwa mkaza mwana aliyekaa barazani na simu yake huzungumzwa muda mrefu. Kama mgeni, utaitwa katika nyumba ya huyu na ya yule, na kila nyumba itakupakulia. Usikatae hata moja, bali kula kidogo kidogo tangu ya kwanza, maana wa tano hataki kusikia kwamba umeshibia kwa wa nne. Zawadi ya doti ya kanga kwa mama mkwe, na mchele au sukari kwa nyumba, inatosha. Sherehe huweza kuendelea kwa siku nne, kwa hiyo usimharakishe mume wako kurudi siku ya pili.

Maalim, mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Marehemu nyanya yangu alikuwa akitusimulia habari za Siku ya Mwaka, kwamba ng'ombe alizungushwa mji kisha akachinjwa na watu wakala pamoja. Je, ndiyo hiyo hiyo ya Makunduchi? Halafu nasikia ilitoka Uajemi, ilhali Wairani wanasherehekea Nairuzi mwezi wa Machi. Imekuwaje yetu ikaangukia Julai? Na je, kuwa nayo ni ushahidi kwamba sisi ni Washirazi?
Msomaji, Kisauni

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, na la kati ndilo lenye utamu, kwa hiyo la kwanza nitalijibu upesi. Ndiyo, ni siku moja yenye sura mbalimbali. Makunduchi wameshikilia pigano na kibanda. Mombasa na miji ya Lamu ilishikilia zaidi kumzungusha ng'ombe pembezoni mwa mji kwa dua na kisomo, kisha kumchinja na kula nyama yake pamoja, kwa nia ya kuukinga mji na balaa. Nyanya yako hakukosea neno.

Kuhusu tarehe, sababu ni hesabu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza inayotiwa mwezi wa Februari kila baada ya miaka 4. Jua lenyewe linahitaji siku 365 na robo hivi kukamilisha mzunguko, kwa hiyo mwaka usio na nyongeza hutangulia kidogo kidogo, siku 1 katika kila miaka 4, na katika karne moja huwa umerudi nyuma kwa siku zipatazo 24 au 25. Waajemi nao walikuwa na mwaka wa namna hiyo, mpaka mwaka 1079, katika utawala wa Malik Shah, kalenda yao iliporekebishwa na Nairuzi ikafungwa mwanzoni mwa majira ya kuchipua, ambayo ni Machi. Omar Khayyam, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi yake, alikuwa miongoni mwa wanajimu walioifanya kazi hiyo. Lakini rekebisho la ikulu halikuwalazimisha mabaharia. Wao waliendelea na mwaka wa zamani wa siku 365, na ndio uliovuka Bahari ya Hindi.

Ushahidi wa jambo hilo upo. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu aliyeandika kuhusu safari za baharini kuelekea mwisho wa karne ya 15, alitaja nyakati za kung'oa nanga kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, ambayo katika zama zake iliangukia mwezi wa Novemba. Steere, niliyemtaja juu, aliikuta Unguja karibu na tarehe 23 Agosti. Tangu Novemba ya Ibn Majid hadi Agosti ya Steere, na kutoka hapo hadi Julai yetu, unaona siku ile ile ikitembea kinyumenyume katika kalenda ya Kizungu. Msomaji mwenye kalamu atagundua kwamba hesabu ikifuatwa bila kuguswa, Mwaka wa leo ungekuwa umeshafika katikati ya Julai, na si wiki ya tatu au ya nne. Kwa maoni yangu hilo limetokana na mazoea ya siku hizi ya kutangaza tarehe mapema ili viongozi, wageni na watu wa mjini wajipange, na kalenda ya ukutani ikapata sauti ambayo zamani haikuwa nayo.

Kwa nini Waswahili, ambao ni Waislamu na wana mwaka wao wa Hijria, walihitaji mwaka wa pili? Kwa sababu mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, na Ramadhani hupita katika kiangazi, masika, kipupwe na vuli bila kujali mvua wala upepo. Mwaka huo unatosha kwa ibada, lakini hauwezi kumwambia mkulima apande lini mtama wake, wala kumwambia nahodha kaskazi itashika lini. Ndipo mwaka wa jua ukashikwa kwa ajili ya shamba na bahari. Ulihesabiwa kwa miongo, kila mwongo ukiwa na siku 10. Miongo 36 hufanya siku 360, zikabaki 5 za kufungia mwaka. Mzee wa zamani hakuwa na haja ya kusema tarehe za Kizungu. Alisema mwongo wa ngapi, na mwenzake akajua kama ni wakati wa kufyeka, kupanda, au kukokota chombo pwani. Kwa kuwa siku 365 ni juma 52 na siku 1, mwaka mpya ulianza siku moja mbele kila mara katika juma, nao wazee wakauita mwaka kwa siku uliyoanzia, mwaka Jumatatu ukifuatwa na mwaka Jumanne, na kila mmoja ukiwa na utabiri wake wa mvua na njaa. Hata kina bibi wengi wa Unguja waitwao Mwaka walipewa jina hilo kwa kuzaliwa karibu na siku hiyo.

Kuhusu Ushirazi, yaani dai la kuwa na asili ya Shirazi huko Uajemi, ningekushauri usiitumie Nairuzi kama cheti cha nasaba. Ibn Majid alikuwa Mwarabu na aliihesabu. Chombo cha kazi hupita mikononi mwa watu wa makabila mengi. Kwamba palikuwa na uhusiano na Uajemi halina ubishi: msikiti wa Kizimkazi, si mbali na Makunduchi, una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, na utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kwa upande wa kina mama asili yao ilikuwa ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na kwa upande wa kina baba ulikuwapo mchango mkubwa kutoka Uajemi, uliochanganyika tangu karibu mwaka 1000. Lakini anayekoga mwaka kwa sababu bibi yake alikoga hana haja ya kwenda maabara.

Asalaam alaykum, Maalim. Mjomba wangu anaishi Makunduchi na kila mwaka hunialika. Katika darsa msikitini kwetu tumeambiwa kwamba sherehe hiyo ni ya kimajusi na ndani yake mna ushirikina. Nikikataa navunja udugu, nikienda nachelea dini yangu. Nifanye nini?
Kijana, Tanga

Waalaykum salaam, mwanangu. Mimi si mufti, na suala la halali na haramu ulipeleke kwa mwanachuoni unayemwamini, umweleze kwa kina unachokusudia kukifanya wala usimtajie jina la sherehe peke yake. Ninachoweza ni kukutenganishia mambo, kwa kuwa ndani ya siku hiyo moja mna vitu vya aina tofauti vilivyofungwa pamoja.

Kufagia nyumba, kuoga, kuvaa vizuri, kutembelea jamaa, kulisha watu na kusameheana ni mambo ambayo sijasikia mwanachuoni akiyakataza kwa nafsi yake. Kisomo na dua vimo, hasa katika miji ya Kenya. Kisha kuna kutazama moshi ili kujua yajayo, na kuna yanayohusu mizimu, na hapa ndipo masheikh wengi husimama na kukataa, baadhi yao wakiwa ni wenyeji wa kusini mwa Unguja wenyewe. Wapo pia wanaokataa siku yote, wakisema Nairuzi ni sikukuu ya dini ya kale ya Uajemi, na mjadala huo ni mkongwe katika vitabu vya fiqhi, wala haukuzuliwa na shekhe wenu wa darsa. Watu wa Makunduchi ni Waislamu, wana misikiti na madrasa, nao wanajadiliana kuhusu haya haya katika baraza zao. Usiende kwao ukidhani wewe ndiye wa kwanza kuwaletea habari.

Kuhusu mjomba, naona njia iko wazi zaidi kuliko unavyofikiri. Alichokuita kwacho ni chakula cha nyumbani kwake. Mpigie simu mapema, umwambie kwa heshima kwamba utakuja kumsalimu na kula naye, na kwamba uwanjani ungependa usiende. Jambo hilo likisemwa wiki mbili kabla ni msimamo wa kijana mwenye adabu, lakini likisemwa mbele ya wageni siku ya Mwaka ni tusi. Mjomba akikasirika, atakasirika kwa siku chache. Ukikaa miaka mitano bila kukanyaga kwake, watoto wenu hawatajuana.

Maalim, sisi ni familia yenye asili ya Unguja tunaoishi Maskati. Watoto wanasikia Kiswahili nyumbani lakini hawajafika Makunduchi. Tunaweza kuadhimisha Mwaka huku kwa namna gani?
Baba wa watoto wanne, Maskati

Chukueni kinachobebeka, ndugu yangu. Bahari mnayo, ingawa kwa joto la Maskati mwezi wa Julai nawashauri muoge alfajiri na mrudi kabla jua halijapanda. Usafi wa nyumba waachieni watoto waufanye wao, kila mmoja na chumba chake, na vitu walivyovichoka lakini bado vizima vitolewe sadaka. Kabla ya chakula, mkae pamoja, na kila mtu aseme kama ana jambo moyoni dhidi ya mwenzake. Wakubwa muanze, maana mtoto hatasema lolote iwapo baba na mama wamenyamaza. Halafu lazima apatikane mgeni. Asiwe jamaa mnayekula naye kila Ijumaa, bali jirani au mfanyakazi mwenzako aliye mbali na kwao, na aelezwe kwa nini ameitwa. Jioni wapigieni simu wazee wa Unguja wakiwa wanatoka uwanjani, ili watoto wasikie zile kelele. Mapigano ya mabua muyaache. Najua kwamba Salalah kuna migomba, lakini safari hiyo ni ndefu kwa ajili ya kuchapana.

Maalim, nafanya kazi hotelini Paje na kila Julai wageni huniuliza kama waende Makunduchi. Wengine wanakwenda, wanapiga picha nusu saa, wanarudi wakisema waliona vurugu tu. Niwaeleze nini kabla hawajaondoka?
Mhudumu wa mapokezi, Paje

Umefanya vema kuuliza, kwa kuwa mgeni aliyeandaliwa ni faida kwake na kwa wenyeji. Waambie kwanza kwamba wanakwenda katika kijiji cha Waislamu, kwa hiyo mabega na magoti yafunikwe. Kanga au kikoi kinatosha, na kama hotelini mnauza, basi mtakuwa mmefanya na biashara. Pili, wakae nyuma ya wenyeji pindi pigano linapoanza, maana hakuna kamba wala mstari, na kundi linaposogea husogea lote kwa pamoja. Mwenye kamera kubwa aliyejikunyata katikati huwakera wapiganaji na kujiumiza. Picha za mbali za uwanja mzima hazina tatizo, lakini kumsogezea mwanamke anayeimba simu usoni bila kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu popote pale, na wavyale wanapokuwa katika shughuli zao kwenye kibanda, asubiri aambiwe.

Tatu, wanaoona vurugu tu ni wale ambao gari lao huondoka kibanda kikishaanguka. Zungumza na dereva abaki angalau saa mbili zaidi, na mtafute, kupitia wafanyakazi wenzako waliotoka Makunduchi, nyumba iliyo tayari kuwapokea watu wawili watatu. Kwa kuwa nyumba nyingi siku hiyo hutaka mgeni, hilo halitakuwa gumu. Wageni wasipeleke fedha mkononi kama wanaolipia hoteli. Wapeleke kilo kadhaa za mchele au sukari, wale kwa mkono wa kulia, na wawe tayari kuulizwa maswali mengi kuhusu kwao kuliko watakayouliza wao.